Nyuki Walivyomruka Mama Mkwe Wangu

Nyuki walishuka harusini mchana kweupe. Walimuuma bibi harusi, wakamuuma katekista, wakamuuma mshereheshaji mpaka kipaza sauti kikamponyoka kikaangukia kwenye sufuria ya pilau.

Kila aliyekuwa pale aliumwa, isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Mngejua jinsi nilivyotamani na yeye aumwe. Hata mara moja tu, hata kwenye kidole.

Naitwa Adelfina. Kwetu ni Mugoma, wilaya ya Ngara, Mhangaza wa kahawa na rozari. Niliolewa Nemba, Biharamulo, kwa Msukuma anaitwa Ndassa, ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe zao kutoka Shinyanga yeye akiwa mdogo.

Kazi yangu ilikuwa kupamba harusi. Msinicheke. Hata huku kwetu watu wanaoa, na wakioa wanataka kupendeza.

Sikuwa na vifaa vya maana. Yale mapambo ya mjini, sijui taa za kuning'inia, sijui viti vya dhahabu, ningeyatoa wapi? Nikajibunia staili yangu ya chupa.

Chupa za kioo zenye mdomo mpana, za jemu, za kahawa, za asali. Nakata gunia kuukuu la kahawa, naizungushia chupa kiunoni, nafunga kwa kamba ya katani, juu yake kipande cha lesi. Ndani maji, maua ya porini, na mshumaa mdogo unaoelea. Ukizipanga tatu tatu katikati ya meza, hata meza ya mbao mbichi inapata heshima.

Msaidizi wangu alikuwa mama mkwe mwenyewe, Kwandu.

Najua kuna watu hawapikiki chungu kimoja na mama mkwe. Mimi nilipata bahati. Kwandu alikuwa mrefu, mkavu, ana macho mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote.

Macho mekundu, na ni mjane, na hajabatizwa. Waliokulia huku nadhani wameshaanza kuelewa.

Alikuwa na shanga zake na kijumba chake kidogo cha mizimu nyuma ya zizi. Mimi nikipita pale napiga ishara ya msalaba, yeye ananiona, anacheka mpaka anashika mbavu. Yeye Kisukuma, mimi Kihangaza, tulikutana kwenye Kiswahili. Chake alikiokota mnadani, harusi aliita halusi, lakini tulielewana kuliko wengi wanaozungumza lugha moja.

Na alikuwa na ugonjwa mmoja. Chombo kichafu hakiwezi. Yaani hakiwezi kabisa.

Akienda msibani anaosha vyombo vya watu bila kuombwa. Sufuria ikiungua, anaisugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka unaona sura yako. Harusi ya kwanza tuliyopamba pamoja, alimnyang'anya mgeni rasmi glasi ikiwa bado na soda, akaenda kuiosha, kwa sababu ilikuwa na alama ya mdomo.

Watu walicheka siku nzima. Nawaambia haya mjue nilikuwa naishi na mtu wa namna gani.

Sasa kuna bwana anaitwa Gervas. Huyu anafuga nyuki. Mizinga yake imening'inia kwenye miti nyuma ya nyumba yake na kuingia porini, na asali yake inajulikana pande zote hizi. Binti yake Magdalena akapata mchumba. Gervas akaja mwenyewe kuniambia nipambe.

Akasema nisihangaike na chupa zangu za mchanganyiko, mara ndefu mara fupi. Yeye anazo zake za asali, zote saizi moja. Nikafurahi, maana chupa za kufanana zilikuwa ndoto yangu.

Asubuhi ya harusi tukafika kwake, mimi na Kwandu. Chupa zimepangwa chini ya turubai, vijana wake walishazisuuza.

Kwandu akainua moja, akaiangalia kwenye jua. Akapitisha kidole kwenye shingo ya chupa, pale kifuniko kinapojizungushia. Akaonja kidole.

"Hizi hazijaoshwa," akasema. "Zimepitishwa maji ya baridi tu. Asali iko humu."

Akaanza kukusanya ili aoshe. Gervas akamzuia. Maji yote ni ya wapishi, bomba liko mbali, watu wako njiani wanatoka kanisani. Halafu, akasema, asali siyo uchafu.

Kwandu akaachia, lakini roho ilimuuma. Nilimwona anazifuta moja moja na kitenge chake. Kisha akamtania Gervas, kwa sababu Gervas alikuwa ametoka kurina asali siku zile, na Kwandu alishaona masega yalivyokaushwa.

"Gervas, umewachukulia mpaka cha watoto wao. Watakuja halusini kudai chakula chao."

Tukacheka wote. Gervas mwenyewe alicheka. Na kaka yake mkubwa, mzee Paschal, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na mguu wake mbovu ameunyoosha, alicheka kuliko wote.

Huo utani ukawa kitanzi.

Nikazungushia magunia, nikafunga katani, nikaweka maua. Jamani, zilipendeza. Sijawahi kupamba vile na sitapamba tena.

Maharusi wakaingia, spika zikapigwa mpaka vifuniko vya sufuria vinatetemeka. Jua lilikuwa kali, na asali iliyokuwa imeganda kwenye shingo za chupa ikaanza kulegea, ikashuka kwenye kamba.

Nikaona nyuki wawili watatu wanatembea kwenye mdomo wa chupa ya meza kuu. Nikasema moyoni, hawa wamefuata maua. Baada ya kitambo nikaona kila chupa ina wake. Nikamtafuta Gervas kwa macho nimwambie, lakini alikuwa katikati anacheza na kina mama.

Msimamizi wa bwana harusi akampiga mmoja kwa kiganja. Akamponda, akapiga na wa pili.

Ukiponda nyuki, harufu yake inawaita wenzake. Gervas mwenyewe huwa anasema hivyo kwa kila mtu anayekwenda kununua asali.

Walikuja kutoka nyuma ya nyumba, weusi.

Sitawaelezea yote. Nilikimbia, nikaanguka, nikaumwa usoni mpaka jicho moja likafumba. Meza zilipinduka, watoto walikuwa wanalia kila upande, bibi harusi kajifunika shela na nyuki wako ndani ya shela.

Nilipogeuka kwa lile jicho lililobaki, nikamwona Kwandu. Hakukimbia. Alivuta kitambaa cheupe cha satini kutoka mezani, akajifunika gubigubi, akakaa chini, akatulia.

Baadaye nilimuuliza. Akasema walipokuwa watoto wanachunga kule Shinyanga walifundishwa hivyo. Nyuki wakija usirushe mikono na usikimbie. Jifunike na ukae.

Basi ndiyo uchawi wake wote huo.

Mzee Paschal hakuweza kukimbia. Alijaribu, mguu ukamwangusha, akaanguka kwenye meza na chupa zikammwagikia. Alifariki njiani kabla hajafikishwa hospitali.

Kwenye msiba Kwandu alikwenda kuosha vyombo kama kawaida yake. Alipogusa sahani, wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakamwachia beseni peke yake. Sahani alizoosha hakuna aliyezipakulia.

Nikajua kimenuka.

Maneno yakaanza kutembea. Hakuumwa hata na mmoja. Nyuki walimruka. Na si alisema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba watakuja harusini? Aliwatuma. Na kile kijumba nyuma ya zizi ni cha nini?

Kisimani walinyamaza nikifika. Dukani nikawa naitwa mkwe wa yule.

Mbaya zaidi ilikuwa ndani ya nyumba. Ndassa, mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, akaacha kula chakula alichopika mama yake. Alisema tumbo linasumbua. Siku moja tukiwa shambani akaniuliza bila kuniangalia.

"Wewe ulimwona kwa macho yako? Kweli hakuumwa hata mmoja?"

Nilimjibu vibaya, siwezi kuandika hapa nilichomjibu. Hakurudia kuuliza, lakini chakula hakula.

Ukaitishwa mkutano chini ya mwenyekiti wa kitongoji, anaitwa Xavery. Kwandu hakuitwa. Huku ndivyo ilivyo, anayezungumziwa hakai kwenye mkutano wake. Anaambiwa abaki nyumbani, habari zitamfikia.

Mimi nilikwenda. Mwanamke, tena wa kuolewa, tena Mhangaza. Nikasimama.

Nikawaambia ukweli kama ulivyo. Chupa zilikuwa na asali. Kwandu alikuwa mtu wa kwanza kusema ziko chafu, akataka kuziosha, akazuiwa. Jua likayeyusha asali, nyuki wakaisikia, mmoja akapondwa, basi. Hakuna uchawi pale, kuna chupa ambazo hazikuoshwa.

Watu wakamgeukia Gervas.

Na hapo ndipo nilipoelewa tumepotea. Maana Gervas alikuwa amekaa na shuka la msiba mabegani. Kama ni asali, basi ni chupa zake zilizomuua kaka yake, na ni yeye aliyekataza zisioshwe. Mtu gani atakubali hilo mbele ya wajane wa kaka yake?

"Chupa zangu zilioshwa," akasema. Hakupaza sauti.

Xavery siyo mtu mbaya. Alifikiri sana, akauliza chupa ziko wapi. Nikamwambia ziko kwangu. Siku ile baada ya vurugu Ndassa alikuja kunichukua, tukazikusanya pamoja na vifaa vyangu, tukamwaga maji na maua, tukazifunga kwenye magunia vilevile. Hakuna aliyezigusa.

Basi akasema tujaribu. Kesho yake, jua likiwa palepale, pale kwa Gervas, meza zile na chupa zile. Nyuki wakija kwenye chupa, Adelfina kasema kweli na mama yule aachwe.

Na wasipokuja?

Hakusema. Hatukuuliza. Kijiji cha pili kutoka kwetu kuna bibi alikutwa asubuhi amekufa nje ya mlango wake, na mpaka leo hakuna aliyeona wala kusikia kitu.

Mimi nilitoka pale natembea juu juu kwa furaha. Niamini mimi, nilijua tumeshinda. Zile chupa zilikuwa zimejaa asali shingoni, nimezifunga mwenyewe, vidole vilikuwa vinanata.

Nikamkuta Kwandu kakaa uani anapukuchua maharage. Akaniuliza wamesema nini.

Nikamwangalia. Tangu msiba alikuwa amekonda, hata shanga zilikuwa zinamlegea mkononi. Nikaona nitamwambiaje mtu mzima kwamba uhai wake kesho unapimwa kwa nyuki. Nikasema, ngoja kwanza tushinde, nitamwambia tukiwa tunacheka.

"Kesho tunapanga meza tena pale kwa Gervas, mama. Chupa zilezile."

"Halusi nyingine?"

"Kitu kama hicho."

Akatabasamu. Tangu msiba sikuwa nimemwona akitabasamu. Alidhani watu wamemsamehe. Akashika mkono wangu akasema wabeja, yaani asante kwa kwao, akarudi kwenye maharage yake akiimba kidogo kidogo.

Asubuhi niliondoka mapema kwenda kuazima meza na vitambaa. Nilimwachia Ndassa kazi moja tu, alete magunia ya chupa kwa pikipiki jua likipanda.

Watu walijaa kuliko siku ya harusi. Xavery alitaka kila kitu kifanane, turubai pale pale, meza pale pale, mpaka spika ikaletwa. Nilipanga vitambaa kwa hamu, siyo kwa woga.

Ndassa akafika. Nikafungua gunia la kwanza.

Chupa zilikuwa zinang'aa.

Nikachukua moja, nikapitisha kidole shingoni. Kikateleza. Nikanusa, nikasikia majivu na sabuni. Nikafungua gunia la pili. Vilevile.

Nikamvuta Ndassa pembeni nikamuuliza nani kazigusa.

"Mama," akasema. "Kaanza tangu alfajiri. Kachemsha maji. Anasema wewe una kazi nyingi, na safari hii hataki aibu."

"Na wewe ulikuwepo?"

Akainama kukaza kamba ya gunia.

Ndassa alikuwa kwenye mkutano jana yake. Alikaa nyuma, lakini alikuwepo. Alisikia kila neno. Alijua zile chupa ni nini.

"Ulimwona anaziosha, ukamwacha?"

Alichonijibu nimekaa nacho mpaka leo. Alisema, "Nilimwachia Mungu. Kama mama hana hatia, nyuki watakuja tu."

Sikuwa na muda hata wa kumlilia. Nikarudi mbele nikamwambia Xavery kwamba chupa zimeoshwa, jaribio halifai tena.

Akaniuliza zimeoshwa na nani.

Fikirini wenyewe. Nikisema Kwandu, watasema kafuta ushahidi. Nikisema sijui, watasema mimi mwongo. Nilimwangalia Ndassa aseme lolote, mwanaume wa watu akawa anatazama tairi la pikipiki yake.

"Nimeziosha mimi," nikasema.

Watu wakaguna. Mtu mmoja akasema jana si ulisema hazijaguswa? Xavery akatikisa kichwa, akasema kwa kuwa tumeshakusanyika, zipangwe hivyo hivyo.

Nikazipanga. Maji, maua, tatu tatu.

Tukakaa kusubiri. Jua likapanda. Spika ikapigwa, ikazimwa. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, naomba nyuki, kitu ambacho sidhani kuna mtu amewahi kukiomba.

Alikuja nzi. Akatua kwenye ua, akasugua miguu yake, akaondoka.

Xavery akainuka. Akasema haya, twendeni kwake.

Nilikimbia mbele yao. Nilitaka nimfikie kwanza, nimfungie ndani, nifanye lolote. Lakini vijana wana miguu, na njia ilikuwa moja. Tulifika karibu pamoja.

Kwandu alikuwa amekaa uani, amevaa kitenge chake kizuri, anasubiri kuitwa harusini. Alipoona umati unaingia, akasimama. Uso wake ulifunguka kwa furaha.

"Karibuni," akasema. "Karibuni, karibuni ndani."

Wakati huo mtu mmoja akapiga ukelele, akanyoosha kidole nyuma ya jiko.

Pale nyuma, chini ya mgomba, ndipo Kwandu alipokuwa amemwaga maji ya kuoshea chupa. Maji ya moto, yenye asali yote ya zile shingo. Udongo ulikuwa bado umelowa.

Na hapo juu ya ule udongo walikuwa nyuki. Wengi, wamefunika ardhi, wengine wanatambaa kwenye beseni, wengine kwenye gunzi alilosugulia.

Nyuki tuliowasubiri mchana kutwa kwa Gervas walikuwa huku.

"Wamerudi kwa mwenyewe," mtu akasema.

Nilipiga kelele. Nikawaambia ni maji, ni maji ya chupa, onjeni huo udongo, shikeni beseni mwone linavyonata. Hakuna aliyesogea. Nani ataweka mkono pale?

Nikamgeukia Gervas. Katika watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake hakuwa na sababu ya kuogopa nyuki. Alisogea hatua chache. Akaangalia beseni, akaangalia gunzi, akaangalia ule udongo uliolowa na jinsi nyuki walivyoinamisha vichwa wananyonya.

Gervas anajua nyuki anayekula ana sura gani. Ameishi nao tangu utotoni.

Akainua macho tukaangaliana. Alijua. Haki ya Mungu, yule baba alijua kila kitu pale pale.

Akavuta shuka lake la msiba vizuri mabegani, akageuka, akarudi nyuma ya watu.

Kwandu alikuwa bado ananiangalia mimi. Haelewi. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama wageni wakae wapi.

Aliyemwokoa siku ile ni Ndassa, aliyekuwa amefuata umati kwa pikipiki. Sijui kama alielewa alipoona ule udongo au alizinduka tu alipoona panga la kwanza. Alimbeba mama yake mzima mzima, akamkalisha kwenye pikipiki, mimi nikapanda nyuma nikamshika, akaiondoa kwa nguvu ikapita katikati ya watu. Mawe mawili yalinipata mgongoni.

Nyumba yake ilichomwa jua kabla halijazama. Na kijumba kile. Na magunia yangu, na lesi zangu, kila kitu cha kazi.

Tulimpeleka kwetu Mugoma. Baba yangu alimpokea, Mungu ambariki, akampa chumba cha kahawa. Ndassa alikaa siku chache, akasema anarudi kuangalia ng'ombe. Akawa anapiga simu, halafu akawa hapigi.

Lakini Biharamulo na Ngara siyo mbali. Wapo wanaokuja na mbuzi, wapo wanaokuja na samaki, wapo wanaokuja na maneno. Haikuchukua muda watoto wa jirani wakawa wanakimbia wakimwona. Kaka yangu akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba na yeye ana watoto.

Tukahama, nikapanga chumba Ngara mjini mahali wasipotujua. Kwandu hakuwa anatoka. Alikuwa anaosha vikombe viwili tulivyokuwa navyo, anavisugua, anavigeuza, anavisugua tena.

Hakuumwa ugonjwa wenye jina. Aliacha kula kidogo kidogo. Niliuliza hospitali, wakasema ni uzee.

Sikuwahi kumwambia. Alishajua kwamba alifukuzwa kwa uchawi, hilo alilielewa siku ile ile, na alilichukua kimya, kwa sababu kule kwao alishawaona wengine. Lakini la chupa sikumwambia. Ningesemaje? Mama, kuna kitu kimoja tu kingekuokoa, na ulikiosha kwa majivu ukakianika juani?

Siku za mwisho alikuwa analala muda mwingi. Jioni moja, mwanga bado upo dirishani, aliamka akanitafuta kwa mkono.

"Adelfina. Zile chupa za siku ile, za pili."

"Ndiyo, mama."

"Zilipendeza?"

Nikaushika ule mkono.

"Zilipendeza sana, mama. Zilikuwa zinang'aa. Watu wote waliziangalia."

"Nilizisugua," akasema. Akafumba macho akiwa ameridhika.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilimzika Ngara, na kwenye maziko tulikuwa mimi, baba yangu, na mama mwenye nyumba. Ndassa alisema gari lilimharibikia njiani.

Sipambi tena. Nauza mboga. Nikiona chupa ya kioo yenye mdomo mpana, navuka upande wa pili wa barabara.

Asali ya Gervas bado inauzwa, mnaweza kuipata hata huku. Wanaoinunua wanasema ni tamu.

Najua wengi mnataka niseme haki ilipatikana. Haikupatikana. Mzee Paschal hatafufuka, Kwandu hatafufuka, na kule Nemba wanaamini mpaka kesho kwamba walimfukuza mchawi na nyuki zake.

Ninachoomba ni kimoja. Kama kijijini kwenu kuna mama anasemwa, msimjadili akiwa hayupo. Mwiteni. Hata kama mnalosema ni uongo, hata kama ni ushenzi, mwambieni usoni. Na wewe unayempenda, usimfiche lake kwa kumhurumia kama nilivyomficha mimi, maana huruma ile ilimwacha peke yake na beseni.

Kwandu angejua kinachoendelea, angeziacha zile chupa kwenye magunia. Ingemuuma, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake angeacha chombo kichafu kwa hiari yake.